Mate Hayana Rangi

Siku ya kwanza Madamu Nabintu hakutufundisha mionzi.
Alitoa mkobani rangi ya mdomo,
ile ya bei rahisi inayouzwa Kadutu,
akanipaka kwenye glavu, kidole baada ya kidole,
taratibu, kama anayempamba bibi arusi.
"Haya, Zihalirwa. Haya ndiyo mate.
Mpige mwenzako picha. Gego la kwanza, chini, kulia."

Nikafanya kazi yangu vizuri, naapa.
Kihisio mdomoni, bomba la mashine shavuni,
mkono wake mrefu ukilalamika kwa kutu ya mvua za Bukavu.
Nikatoka nje, nikabonyeza, kengele ikalia mara moja.
Picha ikatokea: mizizi miwili
myeupe kama mihogo iliyomenywa.
Nikasubiri sifa.

Madamu akawasha taa zote.

Mungu wangu.
Nyekundu kwenye kitufe.
Nyekundu kwenye kitasa cha mlango,
kwenye aproni ya risasi, begani, pale nilipoivuta isianguke,
kwenye kipanya cha kompyuta, kwenye herufi A,
kwenye kalamu ya Cirhuza, ambaye hata hakunikaribia,
aliniazima tu.
Nyekundu chini ya sikio langu. Nilijikuna lini?

Hakuna aliyecheka. Kisha tukacheka wote, vibaya.

"Mashine hii," akasema, "inaona usaha ndani ya mfupa,
inaona tundu dogo kuliko punje ya mtama,
ila kitufe chake yenyewe haikioni.
Inamwona mgonjwa aliyekaa.
Aliyetangulia, haimwoni."

Basi tukaanza upya kujifunza kuwa na mikono.
Huu wa mdomoni, huu wa mlangoni, isikutane.
Plastiki juu ya bomba, plastiki juu ya kitufe,
na zikiisha, ile ya kufunikia maandazi,
tuliyoikata kwa mkasi, mpya, kila mgonjwa ya kwake.
Kihisio hakichemshwi: kivishe, kivue, kipanguse,
kama mtoto wa mwenzio uliyeachiwa.
Vishikizi, hivyo ndivyo vya otoklavu,
umeme ukiwepo.

Na umeme wetu una tabia za mdaiwa,
huchungulia dirishani, akikuona anarudi zake.
Alhamisi moja, dakika ya kumi na mbili,
otoklavu ikanyamaza.
"Zilibaki nane tu," Cirhuza akanong'ona. "Nani atajua?"
Madamu akanyanyua pakiti, akamwonyesha utepe,
mistari yake bado kijivu.
"Huyu."
Tukarudi mwanzo. Yaani tukakaa gizani.

Kwenye benchi palikuwa na mama wa Idjwi,
alivuka ziwa alfajiri, kitenge kimefungwa tayani,
upande mmoja wa uso umejaa.
Saa moja. Saa mbili. Akatutazama
tukipangusa kiti ambacho kilikuwa tayari kinang'aa.
"Mnaosha nini, mwanangu? Mbona ni safi?"
Sikuwa na kitu cha kumwonyesha.
"Mate hayana rangi, mama."
Akanipima kwa jicho lake lililobaki wazi.
"Hata uchungu hauna," akasema,
"na mimi nimelala nao siku tisa."

Hilo halikuwa kwenye daftari.
Taa iliporudi nilinawa, maji ya bidoni, baridi,
nikavaa glavu mpya mbele yake
ili angalau hilo alione.

Lakini nilikuwa nasimulia siku ya kwanza.
Usiku ule, chumbani kwangu Panzi, mvua juu ya bati,
nilidhani nimeshajisugua kote.
Nikatoa simu nimpigie mama yangu,
na hapo, kwenye kioo, pale ninapoegemeza shavu,
kidole gumba, kizima,
chekundu,
changu.